Kabati Lenye Meno

Fundi alikuwa na maoni mabaya juu ya kila piano mjini isipokuwa moja, na hiyo moja ilikuwa yake. Piano ya kanisani aliiita mkokoteni. Ya shule ya wasichana aliiita mlango wa jela. Ile ya shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, iliyokaa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma na picha za marehemu mume wake, aliiita kabati lenye meno, na jina hilo alilitamka mbele ya mwenye mali huku akinywa chai yake. Watu nao hawakumnyima jina. Wakimwona anakuja na mkoba wa vifaa begani walisema, "Huyo Fundi Mdomo," kisha wakafunga mlango kabla hajauliza hali ya piano yao.

Hoteli kubwa ilipotangaza kwamba inatafuta mpiga piano wa ukumbini, kwa mshahara wa kila mwezi na chakula cha jioni juu, Fundi hakulisoma tangazo mpaka mwisho. Alilikunja, akalitia mfukoni, akamwambia mkewe kwamba kazi imeshapata mtu.

"Mtu gani?" mkewe aliuliza bila kuinua kichwa kwenye cherehani. Alikuwa anashona sare za shule. Nyumba ile ilikula sare za shule, ikavaa sare za shule na kulipa kodi kwa sare za shule, maana kazi ya Fundi ilikuwa imebaki mkoba na maneno.

"Unyoya. Unamjua mwingine?"

Unyoya ndilo jina alilompa binti yao wa pekee tangu alipoanza kugusa piano, kwa wepesi wa vidole vyake. Jina la kwenye vyeti lilitumika hospitalini tu. Sasa alikuwa msichana mzima, shule amemaliza, kazi hana, na kutwa alikaa mbele ya piano ya baba yake akipiga kwa ulaini ambao majirani waliusifu kwa sababu haukuwasumbua.

"Hao wa hoteli wana piano ya namna gani?" mkewe aliuliza.

"Mbovu. Zote ni mbovu."

"Basi si aende kwa dada azoee kidogo piano ya kawaida? Mtihani usimkute mgeni."

Fundi alicheka kwa pua. "Mama Unyoya, majirani wakilima kwa kijiko, na wewe mwenye jembe utakwenda kujifunza kulima kwa kijiko?"

Mkewe alikata uzi kwa meno, akaanza mshono mwingine. Alikuwa ameishi na mtu huyu muda wa kutosha kujua kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na kwamba dawa yenyewe ilikuwa imemwishia.

Siku zilizofuata Fundi aliifumua piano. Alitoa ubao wa mbele, akayachomoa matumbo yake yote, kama alivyoyaita mwenyewe, akayalaza juu ya meza ya chakula katikati ya mashati meupe ya wanafunzi. Kazi yenyewe haikuwa na uchawi. Ukibonyeza kibao cha piano kwa mbele, nyuma yake huinuka na kurusha nyundo ndogo ya mti iliyovishwa sufu, nayo nyundo hupiga uzi. Nyundo ikiwa nzito, kidole huchoka, na ikiwa nyepesi kidole hustarehe. Kwa hiyo Fundi alizikwangua nyundo zake mbavuni kwa msasa, akalegeza bawaba zinazozishika, akasogeza vigingi vidogo vinavyozisukuma. Mwaka uliotangulia alifanya hivyo hivyo, na mwaka wa kabla yake pia. Fundi mwingine angefika mahali akasema sasa yatosha. Huyu alichukulia kutosha kuwa ni neno la wavivu.

Kipimo chake kilikuwa sarafu. Alizipanga juu ya kibao moja baada ya nyingine mpaka kizame chenyewe. Piano za watu zilihitaji mnara mzima, na yake ilizama kwa sarafu chache tu, jambo ambalo alimwonyesha kila mgeni aliyepata bahati mbaya ya kuingia. Sarafu hizo zilikaa kwenye kikopo juu ya piano, na zilikuwa pesa pekee za nyumba ile zisizoguswa hata siku ya kukosa mkate.

"Leo hazitoshi mkate hizo?" mkewe aliwahi kumuuliza.

"Hizi ni vifaa vya kazi."

"Cherehani pia ni kifaa cha kazi. Lakini yenyewe inatuletea kitu."

Vumbi la sufu lilipotua kwenye mashati, mkewe aliyakung'uta moja moja dirishani. Unyoya alimsaidia. Alikuwa ametazama nyundo zikikwanguliwa tangu utotoni kama watoto wengine wanavyotazama mama zao wakichambua mchele.

"Baba," alisema, "ile ya kanisani niliigusa siku moja. Vidole vilizama kama kwenye udongo."

"Nilikukataza usiiguse."

"Lakini ndiyo wanayopigia wenzangu."

"Wenzako akina nani? Yule Ngumi?" Ngumi lilikuwa jina alilompa kijana mnene aliyepiga piano ibadani. "Yule hapigi, yule anakanda unga. Mwanangu, mtu akizoea kubeba matofali hawezi tena kushika sindano. Wewe nimekulea kwa sindano."

Maneno haya aliyapenda, akayarudia wakati wa kula. Na kwa kuwa siku hiyo alikuwa na furaha, aliirudia pia hadithi ya mwalimu wa muziki wa shule ya wasichana, ambaye zamani alimpa ule mlango wa jela aufanyie kazi. Aliurudisha mwepesi kama wa nyumbani kwake. Mwalimu alipiga kidogo, akasimama, akasema, "Fundi, umenitengenezea kiti cha mgonjwa. Watoto wangu wakizoea hiki hawataweza kusimama." Kisha akaita fundi mwingine auharibu tena.

"Mwalimu mzima," Fundi alisema, akijifuta machozi ya kicheko, "analalamika kwamba kazi imekuwa nzuri kupita kiasi."

Mkewe hakucheka. Unyoya alitabasamu kidogo, kwa adabu, kwa sababu hadithi ilikuwa ya baba yake.

*

Siku ya mtihani mlinzi wa geti la hoteli aliwatazama viatu kabla ya nyuso, akawaonyesha mlango wa jikoni. Fundi alimweleza kwamba wao si wapishi. Mlinzi alisema hata wapiga piano hupita huko huko. Basi wakapita katikati ya masufuria, Fundi mbele na mkoba wa vifaa ambao hakuna aliyeuomba, mkewe nyuma ameinua gauni lisiloane, na Unyoya katikati, amevaa viatu vipya alivyonunuliwa na mama yake mkubwa. Huyo mama mkubwa walimkuta ukumbini ameshaketi na kikombe mkononi. Yeye alipita mlango wa mbele na hakuna aliyemuuliza kitu.

"Karibuni," alisema, kana kwamba hoteli ni yake.

Meneja alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya chini na mazoea ya kutazama saa wengine wanapozungumza. Ngumi alikuwa ameketi pembeni, koti limembana kwapani, viganja ameviweka juu ya magoti. Wahudumu walikuwa wanapanga meza za chakula cha mchana, uma huku, kijiko kule, na hakuna aliyewaambia waache.

Fundi hakungoja kukaribishwa. Aliiendea piano, akaifunua, akabonyeza kibao kimoja, akabenua midomo. Akabonyeza kingine. Kisha, mbele ya watu wote, akatoa kikopo kwenye mkoba na kuanza kupanga sarafu.

"Mzee," meneja alisema, "hapo si mahali pa kuweka pesa."

Mhudumu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Ninapima, Bwana Meneja. Piano yako inaumwa. Tazama mnara huu, na kibao bado hakijashuka. Nipe asubuhi moja tu niitoe matumbo, hutaitambua."

"Ilikaguliwa juzi juzi."

"Na nani?"

"Na fundi."

"Huyo si fundi, huyo ni seremala wa majeneza."

"Mzee, kaa na familia yako."

Fundi alianza kuzoa sarafu kwa haraka ya hasira, na moja ikamponyoka, ikabiringika chini ya piano. Sarafu ni sarafu, na hii ilikuwa kifaa cha kazi, kwa hiyo alipiga magoti na kuingiza mkono chini, shavu likigusa zulia, soli za viatu vyake zikitazama ukumbi mzima. Soli moja ilikuwa imegongwa misumari.

"Iache, shemeji," mama mkubwa alisema taratibu kutoka kitini. "Nitakupa nyingine."

Mkewe alitazama dirishani. Unyoya aliinama, akamshika baba yake kiwiko, akamwinua.

Ngumi aliitwa kwanza. Aliketi kama mtu anayeketi kula, akavuta pumzi, akapiga wimbo wa dansi wa zamani. Fundi alimnong'oneza mkewe, "Unga huo, umeanza kukandwa." Na kweli hapakuwa na ulaini. Lakini kila noti ilifika. Ilifika kwenye meza za mwisho, ikafika kwa mgeni mmoja aliyekuwa amejificha nyuma ya gazeti, naye akalishusha gazeti kidogo. Mhudumu aliyecheka alianza kupanga vijiko kwa kufuata mdundo bila kujijua.

"Asante," meneja alisema. "Anayefuata."

Unyoya aliketi. Alirekebisha kiti, akakunjua vidole, akamtazama baba yake. Fundi aliitikia kwa kichwa kama mtu ambaye mshahara wa mwezi wa kwanza ameshauweka mfukoni.

Vidole vilishuka, na vibao vikashuka pia, na sauti haikutoka. Mwanzo wa wimbo ulikuwa mpole, na upole ule ambao nyumbani ulitosha kurusha nyundo zilizokwanguliwa, hapa uliinua nyundo nusu ya safari tu. Noti moja ilisikika, mbili zikapotea, ya nne ikaja peke yake kama mtu aliyekosea nyumba. Katikati ya wimbo wa Unyoya watu walisikia vijiko. Vijiko vilisikika vizuri sana.

Alisimama. "Samahani," alisema, akaanza upya, safari hii kwa nguvu. Nguvu hiyo haikuwa na mazoea, kwa hiyo ilikuja yote kwa pamoja, ikapiga kelele penye upole na kukwama penye haraka. Alipofika kwenye mbio za katikati, mkono wa kulia ulikakamaa. Aliutazama ukiwa umesimama juu ya vibao kama mkono wa mtu mwingine, kisha akautoa na kuuweka mapajani. Fundi hakuwahi kumwona binti yake akiwa na uso ule, na kwa kitambo kidogo alitaka kufa. Halafu akakumbuka kwamba kosa si lake.

"Mmeona wenyewe," alisema, akisimama. "Huu ni mzigo wa punda. Mtoto amefundishwa kupiga piano, hakufundishwa kusukuma mkokoteni."

"Binti ana vidole vizuri," meneja alisema, akitazama saa. "Ila hatumsikii."

"Nyumbani anasikika."

"Sina shaka."

"Basi njooni nyumbani mumsikilize. Mlete na huyu mwenzake, tuone nani atamshinda nani."

Ngumi, ambaye hakuwa na ubaya wowote isipokuwa kushinda, alisema, "Mzee, mimi ningependa sana kuijaribu hiyo yako."

"Mzee wangu," meneja alisema, na sasa sauti yake ilikuwa chini zaidi, "sisi tunaajiri mpiga piano. Hatuajiri piano. Au utaibeba hiyo ya nyumbani kila jioni uje nayo?"

Wahudumu hawakuhangaika tena kujifanya wanakohoa. Meneja alimgeukia Unyoya, akamwambia kwamba baadaye watahitaji mtu wa siku za mapumziko, na kwamba akipata nguvu kidogo mikononi, arudi. Alisema hivyo kwa upole, na upole huo ulimkata Fundi maini kuliko kicheko.

Walitokea jikoni.

*

Njia nzima Fundi hakunyamaza. Alisema juu ya hoteli, juu ya meneja, juu ya seremala wa majeneza, juu ya dunia inayoajiri ngumi. Wanawake wawili walitembea nyuma yake. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivuma mpaka mlangoni.

Ndani, Unyoya hakuvua hata viatu. Aliketi mbele ya piano ya nyumbani na kupiga wimbo ule ule, na wimbo ukatoka wote, mbio za katikati zikamiminika kama maji kwenye bomba.

"Mnasikia?" Fundi alisema kwa ushindi. "Mnasikia wenyewe?"

Unyoya aliacha. "Baba, hii inajipiga. Mimi naipapasa tu."

"Ndiyo ufundi wenyewe."

"Irudishe."

"Nini?"

"Uzito wake. Irudishe ilivyokuwa."

Fundi alimtazama kama aliyetukanwa. "Unajua kazi niliyofanya humu? Unajua ni miaka mingapi?"

"Najua. Nilikuwepo." Aliikunja na kuikunjua mikono yake. "Meneja amesema nikipata nguvu nirudi. Hapa nitaipata wapi? Irudishe, Baba. Mimi nitafanya mazoezi."

"Hata ningetaka, kilichokwanguliwa hakioti."

"Weka nyundo nyingine."

"Niweke nyundo nyingine?" Sauti ilimpanda. "Niiharibu piano nzuri kuliko zote mjini, ili ifanane na zao? Tatizo si piano, mwanangu. Tatizo ni kwamba hukutulia. Uliogopa. Mkono ukiogopa unakuwa mzito."

Hapo ndipo mkewe alipoweka mkasi chini. Hakupandisha sauti, wala hakusimama.

"Baba Unyoya, wateja wako wote ulikuwa unawafanyia hivi. Unawalainishia mpaka mwisho, na wakilalamika unawaambia hawajui. Wao walikufukuza. Huyu hakuweza kukufukuza, kwa sababu wewe ni baba yake. Hiyo tu ndiyo tofauti."

"Mimi nilimpenda nikamfanyia njia."

"Ulimpenda ukamtumia kuwaonyesha watu. Mtoto alikuwa kikopo chako kingine cha sarafu."

  Mchuma janga hula na wa kwao, na siku hiyo wa kwake Fundi walikuwa wamekataa kula.

Unyoya aliingia chumbani, akatoka na mfuko wa nguo na vitabu vya nyimbo.

"Naenda kwa Mama Mkubwa," alisema.

"Nenda," Fundi alijibu. "Nenda kwenye kabati. Wiki haitaisha utarudi na vidole vimevimba, na mimi nitakuwa hapa hapa."

"Kwaheri, Baba," Unyoya alisema, kwa sababu alilelewa vizuri hata hivyo, akatoka.

*

Vidole vilivimba kweli. Mkewe Fundi alizisikia habari zake kwa dada yake, kwamba jioni mtoto aliviloweka kwenye maji ya uvuguvugu na alfajiri alivirudisha kwenye vibao, lakini habari hizo hakuzipeleka nyumbani. Nyumbani alipeleka mkate. Fundi aliona kwamba siku hizi mkate haukosekani, akadhani ni msimu wa sare.

Yeye mwenyewe alikaa na piano yake. Hakuna aliyempa kazi. Alikwangua kidogo hapa, akalegeza kidogo pale, na siku nyingine alibonyeza kibao kimoja kwa ncha ya kidole ili asikie jinsi sauti inavyokuja bila kuombwa. Alimngoja binti. Wiki ilikwisha, na nyingine, hata zikawa miezi, na akabadilisha maneno: akawa anasema wasichana wa siku hizi wana kiburi, ingawa kiburi kilichokuwa kikizungumzwa mtaani hakikuwa cha msichana.

Ndipo ukaja ujumbe wa shemeji. Piano yake imeachia nyuzi kwa kupigwa sana, aje aikaze.

Fundi alivaa shati jeupe. Mkewe alimwangalia akijaza mkoba, na vilivyokuwa vinaingia havikuwa vya kukazia nyuzi peke yake. Msasa uliingia, wa kukwaruza na wa kulainisha. Bisibisi ndogo ziliingia, na kikopo cha sarafu.

"Dada amesema nyuzi," alimwambia.

"Nimesikia."

Lakini moyoni alikuwa ameshapanga. Atalifungua lile kabati. Atazipunguza nyundo kidogo tu, zile za katikati, ambazo mtoto huzitumia zaidi. Hatamwambia mtu. Unyoya ataketi, atabonyeza, atageuka amtazame, na hapo itakuwa zamu ya watu wengine kuomba radhi. Njiani alitayarisha hata namna atakavyoipokea radhi hiyo, kwa mkono, bila maneno mengi.

Shemeji alimfungulia, akamtazama mkoba, akamwomba avue viatu kwa sababu ya zulia. Fundi alivua, akijitahidi kuzificha soli. Sebuleni kitambaa cha kufuma kilikuwa kimeondolewa juu ya piano, na picha za marehemu zimehamia ukutani. Unyoya alikuwa anapiga. Hakuwa Unyoya anayemjua. Mikono ilikuwa imejaa kidogo chini ya viwiko, mabega yameshuka mahali pake, na sauti ilitoka nene, yenye nyama, mpaka vikombe vya kabatini vikaitikia. Anakanda unga, Fundi alijiambia, lakini alijiambia kwa shida, maana penye upole wa mwanzo kila noti ilikuwa inakuja. Ndogo, lakini inakuja.

"Shikamoo, Baba," alisema, akasimama kumpisha.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Sijakonda."

Shemeji aliweka pesa juu ya meza, chini ya kibweta cha sukari. "Malipo yako hayo, shemeji. Ya nyuzi."

"Kati yetu kuna malipo tena?"

"Si pesa yangu, usijali. Ni mshahara wake." Alimwona hajaelewa, akaongeza bila haraka, kama mtu anayekula kitu kitamu, "Siku za mapumziko anapiga hotelini. Mwezi wa pili sasa. Nyumbani hawajakwambia?"

Fundi aliufikiria mkate. Aliufikiria wote, kipande kwa kipande, jinsi alivyoutafuna huku akisema juu ya kiburi cha wasichana. Alitaka kusema kitu kibaya, akatafuta mtu wa kumwambia, akakosa.

Badala yake alipiga magoti mbele ya piano na kufungua mkoba. Mkono wake, kwa mazoea, ulitoa bisibisi kwanza, ukaelekea kwenye ubao wa mbele.

"Baba," Unyoya alisema. "Nyuzi tu."

"Nataka nitazame ndani kidogo. Vibao hivi uzito wake si wa kibinadamu, na mimi kwa asubuhi moja tu..."

"Uzito wake naujua. Nyuzi tu."

Aliinama, akautoa msasa kwenye mkoba, akazitoa bisibisi ndogo na kikopo cha sarafu, akavipeleka mezani karibu na kibweta cha sukari. Hakufanya kwa hasira. Alifanya kama mtu anayemwondolea mtoto kisu, kisha akavuta kiti, akaketi kando yake na kufungua kitabu, kama watu wanavyoketi karibu na fundi ambaye nyumba nyingine aliwahi kuondoka na kitu.

Kwenye mkoba kulikuwa kumebaki ufunguo wa kukazia nyuzi na vipande vya sufu vya kuzinyamazisha. Fundi alifunua kifuniko cha juu, akashika ufunguo kwa mkono wa kulia. Wa kushoto aliunyoosha juu ya vibao, akachagua kimoja cha katikati, akakigusa kwa ncha ya kidole kama alivyokuwa akigusa nyumbani.

Kibao kilishuka. Sauti haikutoka.

Shemeji aliyekuwa anatoka alisimama mlangoni. Fundi alikigusa tena, na tena kikashuka kimya. Unyoya alifungua ukurasa mwingine.

"Bonyeza, Baba," alisema, bila kuinua kichwa.

Akabonyeza.